Mkono wa Kushoto wa Harlem: Wakongwe wa Piano na Santuri Zao

Mwaka 1913 Harlem ilikuwa bado haijawa makao makuu ya watu weusi wa New York. Wengi wao waliishi wamebanana San Juan Hill, mtaa wa upande wa magharibi wa Manhattan, na huko, kwenye barabara ya 62, kulikuwa na ukumbi wa chini ya ardhi uliojulikana kwa jina la Jungles Casino. Kisheria ulihesabiwa kuwa shule ya dansi. Kwa watu wake ulikuwa mahali pa kupumua baada ya wiki nzima ya kazi. Waliojaa humo usiku walikuwa makuli wa bandarini na watumishi wa majumbani waliohamia kutoka pwani za South Carolina na Georgia, wale wanaoitwa Gullah na Geechee, ambao katika vizazi vya utumwa na baada yake walikuwa wametunza ngoma za mababu zao waliotekwa Afrika. Aliyeajiriwa kuwapigia piano alikuwa kijana wa miaka 19, James P. Johnson.

Johnson alisimulia baadaye kwamba watu hao hawakuridhika kirahisi. Walicheza dansi za mjini kwa muda, kisha wakapiga kelele kumtaka mpiga piano awarudishe kwao. Kuwarudisha kwao kulikuwa ni kuwapigia mwendo wa ngoma ya duara, ya kuburuta nyayo, kupiga makofi na kuitikiana, iliyochezwa Kusini kwa jina la shout. Piano moja, bila ngoma wala besi, ilitakiwa iitikise sakafu hadi alfajiri. Katika kutafuta namna ya kuwatosheleza wachezaji hao Johnson alitunga vipande kadhaa, na kimojawapo akakiita Carolina Shout. Kipande hicho cha dakika tatu kilikuja kuwa mtihani wa kila kijana wa New York aliyetaka kuitwa mpiga piano.

Mtindo uliozaliwa katika kumbi za namna hiyo ukaitwa straidi, na kazi yake ngumu iko katika mkono wa kushoto. Katika kila mapigo manne, kwenye pigo la kwanza na la tatu mkono huo hushuka hadi besi ya chini kabisa na kupiga noti moja, au mbili zilizoachana kwa nafasi ya noti nane au kumi. Kwenye pigo la pili na la nne huruka hadi katikati ya piano na kukamata fungu zima la noti kwa mara moja. Hufanya hivyo kwa kasi, dakika baada ya dakika, kama mtu avukaye mto kwa kurukia mawe bila kutazama chini. Mkono wa kushoto umeshakuwa besi na ngoma kwa pamoja, na mkono wa kulia unabaki huru kuimba, kuchelewesha pigo, kuliwahi, au kutupa mvua ya noti na kuikata ghafla.

Chimbuko lake la karibu ni regitaimu ya Scott Joplin, ambaye Maple Leaf Rag yake ilichapishwa mwaka 1899. Lakini regitaimu ya Joplin iliandikwa ipigwe kama ilivyo, tena bila pupa. Watu wa New York waliiongezea mwendo, wakatanua mikono, wakabadilisha maneno ya muziki kila waliporudia. Johnson mwenyewe alikuwa mwanafunzi wa mwalimu Mwitalia, Bruto Giannini, aliyemnyoosha vidole na kumpa misingi ya muziki wa Ulaya. Katika Carolina Shout aliufanyia mkono wa kushoto hila iliyowachanganya wengi: badala ya kwenda chini, juu, chini, juu, unapiga chini mara mbili mfululizo ndipo upande, mpaka msikilizaji anadhani pigo limepotea, kisha unarudi mahali pake kana kwamba haukuwahi kuondoka. Ni hesabu ya mapigo matatu, matatu na mawili, ambayo sikio lililozoea ngoma za Afrika litaitambua papo hapo.

Roli za karatasi

Mashine ya kwanza iliyoubeba muziki huu ilikuwa piano ya kujiendesha. Mpiga piano aliketi kwenye chombo maalumu, vidole vyake vikatiwa alama kwenye roli ndefu ya karatasi, na karatasi hiyo ikatobolewa matundu. Mnunuzi aliipachika kwenye piano yake nyumbani, akakanyaga, na vibao vikaanza kushuka vyenyewe. Johnson alianza kutengeneza roli mapema, na Carolina Shout ilitoka kwa njia hiyo mwaka 1918 na tena mwaka 1921 kwa kampuni ya QRS.

Roli zilitengenezwa ziwaburudishe wateja sebuleni, lakini vijana wakazifanya shule. Washington, kijana Edward Ellington, ambaye dunia ingemjua kama Duke, aliipunguza kasi mashine, akatazama vibao vinavyoshuka, akaweka vidole vyake juu yake mpaka Carolina Shout ikamkaa mkononi. Johnson alipofika mjini humo marafiki wa Ellington walimsukuma jukwaani akakipiga kipande hicho mbele ya mwenyewe. Harlem nako, mtoto wa mhubiri aliyeitwa Thomas Waller alifanya vivyo hivyo. Mama yake alifariki mwaka 1920, naye akahamia kwa familia ya mpiga piano Russell Brooks. Nyumbani humo kulikuwa na piano ya kujiendesha. Brooks ndiye aliyemfikisha kwa Johnson, na Johnson akampokea kuwa mwanafunzi. Waller alikuwa mnene, na jina la Fats likamganda.

Santuri nayo ilikuwa njiani. Mwaka 1921 ndio mwaka ambao wapiga piano weusi wa Pwani ya Mashariki ya Marekani walisikika waziwazi kwenye sahani. Mwezi Julai Eubie Blake wa Baltimore aliirekodi Charleston Rag yake kwa kampuni ya Emerson, ambayo iliitoa kwa jina la Sounds of Africa. Johnson alirekodi Harlem Strut kwa Black Swan, kampuni iliyoanzishwa na mfanyabiashara mweusi Harry Pace. Tarehe 18 Oktoba akaingia studio ya OKeh kurekodi Carolina Shout, na upande wa pili wa sahani ukawekwa Keep Off the Grass.

Anayeisikiliza santuri hiyo leo anapaswa kukumbuka mazingira yake. Hakukuwa na maikrofoni, kwa kuwa rekodi za umeme zilianza mwaka 1925. Sauti iliingia kwenye pembe kubwa ya bati na nguvu yake yenyewe ndiyo iliyotikisa sindano iliyochora nta. Piano ilikuwa miongoni mwa ala zilizoonewa zaidi na mtambo huo: besi ilififia, na noti za juu zikasikika kama zinatoka chumba cha pili. Hata hivyo mwendo ulihifadhiwa. Mkono wa kushoto unasikika ukiruka bila kukosea, na ile hila ya mapigo imo yote.

Karamu za kodi

Katika miaka ya 1920 watu weusi walikuwa wamehamia Harlem kwa wingi. Wenye nyumba waliwatoza zaidi ya walivyowatoza wazungu kwa vyumba vya aina ileile, na mishahara yao ilikuwa midogo. Mpangaji aliyeona mwisho wa mwezi unakaribia na kodi haijatimia alifanya jambo moja: alichapisha vikadi vya kualika watu, akasogeza samani ukutani, akapika miguu ya nguruwe, akatafuta pombe ya magendo, maana pombe ilikuwa imepigwa marufuku nchi nzima, kisha akamwita mpiga piano. Kila aliyeingia alilipa kiingilio cha senti chache mlangoni. Usiku ukiwa mzuri kodi ilipatikana.

Karamu hizo ndizo zilizowalea wakuu watatu wa Harlem: Johnson, Waller, na Willie Smith aliyejiita Simba, The Lion. Smith alisema alilipata jina hilo katika jeshi la mizinga huko Ufaransa wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Aliingia kwenye karamu amevaa kofia ya duara, sigara nene mdomoni, na aliyekuwa anapiga wakati huo alijua saa yake ya kupimwa imefika. Mpambano haukuwa wa matusi tu, ingawa matusi yalikuwepo. Mmoja alimaliza wimbo, mwingine akateleza kwenye kiti bila kuruhusu mapigo yakatike, akaupiga wimbo uleule katika ufunguo mgumu zaidi, kwa mkono wa kushoto uliotanda zaidi. Asiyemudu kila ufunguo aliaibika mbele ya watu waliokuwa wakila na kusikiliza kwa makini.

Wengi wa mabingwa hao hawakuingia studio hata mara moja. Johnson alimtaja mara kwa mara mtu aliyeitwa Richard McLean, kwa jina la mtaani Abba Labba, kuwa miongoni mwa waliomwonyesha njia. Simba naye alikuwa na orodha ndefu ya majina ya aina hiyo. Abba Labba hakuacha santuri wala roli. Tunajua kwamba alipiga na kwamba waliokuwa hodari walimheshimu, na hapo habari yake inakoma. Tukimsikia kabisa, tunamsikia ndani ya vidole vya Johnson bila kuweza kusema ni wapi.

Fats

Aliyerekodi kwa wingi ni mwanafunzi. Waller aliingia studio ya OKeh mwaka 1922 akiwa na miaka 18, na tarehe 1 Machi 1929 akarekodi Handful of Keys kwa kampuni ya Victor. Sasa maikrofoni ilikuwepo, na tofauti na ile sahani ya 1921 ni kubwa. Besi ina nyama. Mkono wa kulia unateremka kwa mafungu ya noti yaliyo mepesi na safi, na kasi ni ile ya mtu asiyejua kuchoka. Mwezi Novemba 1934 alirekodi vipande vinne vya piano peke yake, African Ripples na Viper's Drag vikiwemo, na Juni 1937 akarudi na vitano vingine, miongoni mwavyo Tea for Two na Basin Street Blues. Hizi ni kazi za mtu mtulivu anayewaza kwa vidole, tofauti kabisa na Waller mchekeshaji aliyezungusha macho kwenye filamu.

Umaarufu wake ulitokana na nyimbo. Mwaka 1929 onyesho la Hot Chocolates lilitoa Ain't Misbehavin', na maneno yake yalitungwa na Andy Razaf. Jina kamili la Razaf, Andriamanantena Razafinkarefo, linatuvusha hadi Bahari ya Hindi. Baba yake alikuwa wa ukoo wa Malkia Ranavalona III wa Madagaska. Babu yake mzaa mama, John Waller, mtu mweusi aliyezaliwa utumwani Missouri, aliwahi kuwa balozi mdogo wa Marekani kisiwani humo. Ufaransa ilipoivamia Madagaska mwaka 1895 baba aliuawa na babu akafungwa. Mama, binti mdogo mwenye mimba, alikimbilia Marekani, na mtoto akazaliwa Washington mwezi Desemba mwaka huo. Razaf na Fats Waller waliandika nyimbo zilizoimbwa dunia nzima, na mwaka 1929, kwa shida ya fedha, wakauza haki za nyimbo zao kadhaa kwa dola 500. Zilizotajirisha wengine ni nyingi kuliko zilizowalisha wao.

Mwaka 1938 Waller alivuka bahari akarekodi London kwa HMV, kampuni ileile ambayo miaka 10 kabla ilikuwa imemrekodi Siti binti Saad wa Zanzibar mjini Bombay. Mbwa aliyekaa mbele ya gramafoni kwenye nembo ya sahani za Waller ndiye huyohuyo aliyekuwa kwenye sahani za taarabu zilizopigwa Ng'ambo ya Zanzibar na Mombasa.

Kufikia hapo Harlem ilikuwa imeshampata mgeni aliyeibadilisha hesabu yote. Art Tatum, aliyekuwa karibu kipofu, alifika kutoka Toledo, Ohio, na katika usiku unaosimuliwa hadi leo Waller, Johnson na Simba walimpeleka mahali penye piano ili wamsikie. Tatum alipiga Tea for Two na Tiger Rag. Johnson alijibu kwa Carolina Shout, Waller akajibu kwa kipande chake, na mwisho wa usiku wote walikubali kwamba walikuwa wamesikia jambo jipya. Tarehe 21 Machi 1933 Tatum alirekodi Tiger Rag yake, na wapiga piano wengi walioisikia mara ya kwanza walidhani ni watu wawili. Yeye alisema mara zote kwamba asili yake ni Fats. Ndani ya kasi ile mkono wa kushoto wa karamu za kodi unasikika wazi.

Waller alifariki usingizini tarehe 15 Desemba 1943, ndani ya treni iliyokuwa Kansas City ikielekea mashariki, kwa homa ya mapafu. Alikuwa na miaka 39. Mwalimu wake, aliyekuwa amepigwa na kiharusi mwaka 1940, alikuwa bado hai. Mwaka 1944 Johnson aliingia studio ya Decca akarekodi nyimbo za mwanafunzi wake moja baada ya nyingine. Mwaka huohuo aliirekodi tena Carolina Shout. Waller naye alikuwa ameirekodi Mei 1941. Kwa hiyo tunazo tatu: ya mwalimu akiwa na miaka 27, ya mwanafunzi akiwa katika kilele chake, na ya mwalimu akiwa na miaka 50, mgonjwa, mwanafunzi ameshazikwa. Ya kwanza inakwenda moja kwa moja kama mtu anayethibitisha dai. Ya Waller ni laini, yenye mzaha na uhakika. Ya mwisho ina uzito mwingine: Johnson hana haraka, anabadilisha mafungu ya noti, anaziacha sehemu nyingine zipumue. Sijui ushahidi ulio mzito kuliko huu wa namna muziki unavyotoka kwa mtu, ukapita kwa mwingine, na kumrudia mwenyewe.

Waliowatafuta wazee

Kufikia mwisho wa miaka ya 1930 dansi ilikuwa mikononi mwa bendi kubwa za swingi, na miaka michache baadaye vijana wa bibopu walileta piano ambayo mkono wake wa kushoto uligusa tu hapa na pale na kuiachia besi kazi ya mwendo. Kampuni kubwa hazikuwa na haja na mtu wa miaka 45 anayepiga peke yake muziki wa karamu. Waliokuwa na haja walikuwa watu wachache, na wengi wao hawakuwa na mtaji mkubwa.

Mwezi Mei 1938 mkusanyaji wa nyimbo Alan Lomax alimketisha Jelly Roll Morton wa New Orleans kwenye piano ya ukumbi wa Maktaba ya Bunge, Washington, akamwacha apige na kusimulia kwa saa nyingi. Morton alikuwa akipiga wakati huo katika baa ndogo mjini humo, umaarufu wake umepita. Miaka mitatu baadaye alikufa. Lomax alimrekodi Johnson pia kwa ajili ya maktaba hiyo Desemba 1938. Januari 1939 Alfred Lion, mhamiaji kutoka Berlin, alianzisha Blue Note kwa kuwarekodi wapiga piano wawili wa bugi-wugi, Albert Ammons na Meade Lux Lewis. Siku chache baadaye, tarehe 10 Januari, Milt Gabler, mwenye duka la santuri la Commodore kwenye barabara ya 42, alimwita Willie Smith studio.

Simba alitoa siku hiyo vipande zaidi ya 10, vingi vikiwa vyake mwenyewe: Echoes of Spring, Fading Star, Rippling Waters, Morning Air. Waliomjua kwa majigambo walishangaa. Katika Echoes of Spring mkono wa kushoto hauruki; unazunguka polepole kama wimbo wa pili, na juu yake kuna sauti tamu inayofanana na muziki wa Ufaransa wa wakati wa Debussy. Mtu huyo mwenye maneno makali alikuwa ameficha moyo laini, na bila Gabler tungebaki na kofia na sigara tu. Duke Ellington, aliyemhesabu miongoni mwa walimu wake, alimtungia Portrait of the Lion mwaka huohuo.

Blue Note ilimrekodi Johnson peke yake Novemba na Desemba 1943. Mwaka 1946 mwandishi Rudi Blesh, kwa kampuni yake ya Circle, alimrekodi mtu aliyekuwa mkubwa kwa umri kuliko wote hao, Luckey Roberts. Roberts alichapisha Junk Man Rag mwaka 1913, na viganja vyake vilikuwa vipana mno hata vikafunika nafasi ya noti 14. Johnson na Ellington walijifunza kwake. Alijipatia riziki kwa kuongoza bendi katika karamu za matajiri, na alikuwa amekaribia miaka 60 alipopata nafasi ya kurekodi kwa mpango vipande vyake sita. Kimojawapo, Ripples of the Nile, kilikuwa kigumu kiasi kwamba wengine hawakukiweza. Kilipopunguzwa mwendo na kutiwa maneno kikawa Moonlight Cocktail, na bendi ya Glenn Miller ikakifanya kipendwe Marekani nzima mwaka 1942. Ukiisikiliza santuri ya Circle unausikia mto wenyewe kabla haujatulizwa.

Ujio wa santuri ndefu mwaka 1948 uliwasaidia wakongwe, kwani sasa mtu aliweza kupiga zaidi ya dakika tatu. Mwaka 1958 Good Time Jazz iliwaweka Roberts na Simba kwenye santuri moja, kila mmoja upande wake. Kwa mpiga straidi Donald Lambert mambo yalikwenda kwa njia nyingine. Hakujua kusoma noti, alirekodi sahani mbili tu za kibiashara mwaka 1941, kisha akajikalia kupiga katika baa ya Wallace's mjini Orange, New Jersey. Wapenzi wa muziki wake walikwenda na vinasa sauti wakarekodi usiku baada ya usiku. Alikufa mwaka 1962, na kanda hizo, zenye vicheko na milio ya bilauri, zikatolewa baadaye kama santuri. Kasi ya mkono wake wa kushoto inawatesa wapiga piano hadi leo.

Juni 1965 tamasha la Pittsburgh liliwakusanya kwenye jukwaa moja wapiga piano Ellington, Simba, Mary Lou Williams, Earl Hines na wengine, na RCA ikatoa santuri yake. Hines, aliyeishangaza dunia mwaka 1928 alipopiga Weather Bird na Louis Armstrong, alikuwa amerudishwa mbele ya watu mwaka mmoja tu kabla. Mwaka 1967 RCA ilimrekodi Simba akipiga, akiimba na kusimulia maisha yake, kazi iliyojaza santuri mbili ndefu. Kisha John Hammond wa Columbia akamtafuta Eubie Blake. Mzee huyo, mwana wa watu waliokuwa watumwa, mtunzi mwenza wa onyesho la Shuffle Along la mwaka 1921, alikuwa amestaafu Brooklyn. Mwaka 1969 ikatoka The Eighty-Six Years of Eubie Blake, santuri mbili ambamo alipiga Charleston Rag, kipande alichosema alikitunga mwaka 1899. Kumbukumbu za serikali zilionyesha baadaye kwamba alizaliwa mwaka 1887, hivyo alikuwa na miaka 82. Haijalishi. Sauti ni ya mtu aliyekuwa kijana kabla redio haijaanza, akipiga kwa nguvu zote mbele ya maikrofoni bora. Santuri hiyo ilimfungulia maisha mapya: alisafiri, akaonekana kwenye televisheni, Broadway ikafanya onyesho la nyimbo zake mwaka 1978. Alifariki Februari 1983.

Uzee unasikika katika rekodi hizi, na ni sehemu ya thamani yake. Blake huangusha noti hapa na pale. Simba huguna na kuimba huku akipiga. Lakini wanajua mahali pa kuacha kimya, na wanajua ni noti ipi inayotosha pale kijana angeweka nane. Kasi ya ujana ilikuwa silaha ya mpambano. Sasa hawana wa kushindana naye, na muziki unasema mambo ambayo mpambano haukuyaruhusu.

Marejeo

Wahenga walisema mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Thelonious Monk, ambaye wengi walimwona adui wa mapokeo, alilelewa San Juan Hill, mtaa aliokuwa akiishi Johnson. Katika Solo Monk ya mwaka 1965, hasa anapopiga Dinah, mkono wa kushoto wa Harlem unatembea wazi, polepole na kwa heshima. Wamarekani wengine kama Ralph Sutton, Dick Wellstood na Dick Hyman waliubeba mtindo huo hadi miongo ya mwisho ya karne ya 20. Joe Turner wa Baltimore aliuhamishia Paris, alikopiga miaka mingi, na leo Ulaya ina wapiga straidi waliojifunza kwa kuweka sindano kwenye sahani, kuirudisha nyuma na kuiweka tena, kama Ellington alivyofanya na roli yake.

James P. Johnson alifariki tarehe 17 Novemba 1955. Aliandika simfonia na opera ambazo hazikupata jukwaa la kudumu, na mwili wake ukazikwa Queens bila jiwe la kaburi. Mwaka 2009, miaka 54 baadaye, wapiga piano walikutana katika klabu moja ya New York wakafanya karamu ya kodi kwa jina lake, kiingilio kikakusanywa mlangoni, na jiwe likanunuliwa. Wengi waliopiga usiku huo walikuwa hawajazaliwa alipokufa. Walimjua kwa santuri.

Gabler, Blesh, Lomax, Hammond na wale wateja wa baa mjini Orange hawakubuni muziki wowote. Walifanya jambo dogo: walikwenda kwa mtu mzee akiwa bado anaweza kukaa kwenye kiti cha piano, wakawasha mtambo, wakamwacha apige anavyotaka. Kwa sababu yao Luckey Roberts ana sauti, na kwa kukosekana mtu wa namna hiyo Abba Labba amebaki jina. Mwenye mzee wa kinanda, wa zeze, wa udi au wa marimba karibu naye asingoje tamasha wala ufadhili. Chombo cha kurekodi kipo mfukoni mwake, na mzee yupo leo.